Kompyuta ya Nyumbani: Ilale au Ikeshe?

Wiki hii tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya malezi, lakini limetufikia jambo ambalo kwa sura ni dogo na kwa athari si dogo, nalo limewanunisha mama na mwanawe siku tatu nzima katika nyumba tunayoiheshimu. Tulimwomba mama mwenyewe idhini ya kulisimulia bila ya kumtaja. Ameridhia, akasema huenda yuko mwengine wa mfano wake.

Alitujia baada ya darsa ya alasiri. Alisubiri mpaka wenzake wote wakavaa viatu wakaondoka, ndipo akauliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, ati kompyuta ikizimwa usiku huharibika?" Tukamjibu upesi, kama ajibuvyo mtu aliyeulizwa njia ya sokoni, kwamba la, haiharibiki. Akainamisha uso. Hapo tukatambua kwamba nyuma ya swali lile pana jengine.

Mama huyu ni mshoni wa mabuibui. Kompyuta yake ni ile kubwa ya mezani, iliyokwisha kutumika ofisini ng'ambo kabla ya kufika kwetu, naye aliinunua kwa fedha za mchezo zamu yake ilipofika. Ndani yake mna vipimo vya wateja wake pamoja na madeni yao. Mna vile vile kazi ya kijana wake, aliye mwaka wa mwisho wa chuo, anayeandika mradi ambao bila ya huo hapati shahada. Kijana kila usiku huiacha kompyuta ikiwaka. Ameambiwa na rafiki zake kwamba kinachoiua ni kuwashwa na kuzimwa, na isitoshe, yeye hupenda kupakua masomo yake usiku, watu wanapolala na intaneti ikawa na kasi. Mama naye huamka usiku wa manane, akaona taa ya buluu ikimkonyeza ukumbini na kusikia feni ikivuma, akaikumbuka tokeni iliyokwisha Jumanne ilhali aliinunua Ijumaa. Basi akawa anafanya alijualo: ananyoosha mkono, anazima soketi ukutani, anarudi kulala. Alfajiri huiwasha soketi tena, na kijana akiamka hudhani stima ilikatika.

Miezi miwili mambo yalikwenda hivyo. Asubuhi moja kompyuta ikawaka, ikaandika maneno meupe juu ya uso mweusi, kisha ikakataa kwenda mbele. Kijana akaulaumu umeme wa mtaa. Mama, kwa kuwa ni mkweli, hakuweza kulinyamazia hilo. Akamwambia, "Si stima, mwanangu. Ni mimi." Tangu hapo kijana akawa anakula peke yake.

Hukumu yetu tunaitanguliza ili msomaji asibaki njia panda: kompyuta ya nyumbani haina haja ya kukesha. Mama alikuwa na haki katika nia yake, akakosea katika mkono wake. Kijana amekosea katika hoja yake, na ana haki katika huzuni yake.

Tuianze hoja ya kijana, maana hakuizua yeye, na hata sisi tuliiamini kwa miaka mingi. Asili yake iko katika mashine za zamani. Chombo chochote cha umeme kikiwashwa hupata moto na kutanuka, kikizimwa hupoa na kunywea, na kutanuka na kunywea kwa muda mrefu hulegeza viungo vyake vya risasi. Fauka ya hayo, katika diski za zamani kichwa kinachosoma kilikuwa kikitua juu ya sahani yenyewe kila mashine inapozimwa, na kila inapowashwa kilisuguana nayo kabla ya kuinuka. Mafundi wa wakati ule hawakusema uongo waliposema kuwasha ndiko kunakochosha. Lakini kiasi gani? Watengenezaji wa diski wenyewe huandika idadi ya kuwashwa na kuzimwa ambayo diski imeundwa kuistahimili, na kwa diski nyingi za kompyuta za mezani idadi hiyo ilikuwa 50,000. Mwenye kuizima kompyuta yake mara moja kila usiku atahitaji zaidi ya miaka 130 kuifikisha hesabu hiyo. Akiizima mara tano kwa siku, miaka 27. Hatujui nyumba yenye kompyuta ya miaka 27 ambayo bado inatumiwa kwa kazi. Na diski za kisasa zisizo na sahani ya kuzunguka hazina hata hilo la kusuguana.

Upande wa pili watu huusahau. Mashine inayokesha nayo inachakaa: diski inazunguka, feni inazunguka, na kwetu sisi feni haivuti hewa tu, inavuta vumbi na chumvi ya bahari. Aliyewahi kufungua kompyuta iliyokaa miaka michache kando ya pwani ameona ule utando wa kijivu uliogandamana kwenye mapanga ya feni, na kutu iliyoanza kula skrubu. Feni ikizidiwa, joto hupanda, na joto ndilo adui wa kila kilichomo ndani.

Wapo wanaojibu kwamba hewa yetu ni ya unyevu, na mashine iliyo na joto haishiki unyevu kama iliyopoa. Hili lina ukweli ndani yake, na hatulibezi. Lakini kompyuta inayowashwa kila siku kwa saa kadhaa hupata joto la kutosha la kuukausha unyevu wake. Inayoteseka ni ile inayofungiwa kabatini miezi mitatu wenyewe wakiwa safarini.

Ama hesabu ya tokeni, ambayo mama aliifanya kwa moyo bila ya kalamu, sisi tuliifanya kwa kalamu. Kompyuta ya mezani ya namna ile, ikiwa imewaka bila ya kutumiwa na skrini yake imezimwa, aghalabu hula kiasi cha wati 60. Kwa saa 8 za usiku ni wati-saa 480, yaani karibu nusu uniti. Kwa siku 30 ni uniti 14 na ushei. Tukisema kwa mfano tu kwamba uniti moja ni shilingi 25, basi ni shilingi 360 kwa mwezi, na kwa mwaka zinapita 4,000. Skrini nayo ikiachwa ikiwaka, hesabu hupanda tena. Kwa nyumba yenye mishahara miwili huenda hilo si kitu; kwa mama anayelipwa kwa buibui moja moja, ni vitambaa. Laptopu hula kidogo zaidi, kwa kawaida wati kumi hivi ikiwa haitumiwi na skrini imezimika, na mwezi mzima wa kukesha haufiki uniti tatu.

Tuseme neno juu ya wale samaki wanaoogelea kwenye skrini mtu asipoigusa kompyuta, au ule mwezi na nyota unaozunguka. Watoto wengi, na baadhi ya wakubwa, wanadhani ile ni namna ya kuokoa umeme. Sivyo. Picha zile zilibuniwa kwa ajili ya skrini za kioo kizito za zamani, ambazo picha moja ikikaa muda mrefu ilikuwa ikiacha alama isiyofutika. Umeme unaliwa vile vile, samaki wawe wanaogelea au wasiwe.

Pana njia ya katikati ambayo kijana angeliijua asingeligombana na mama yake: kuilaza kompyuta. Ikilazwa, skrini, diski na feni husimama, ikabaki kumbukumbu tu inayolishwa umeme kidogo, na asubuhi huamka kwa sekunde chache na kila kitu mahali pake. Zipo kompyuta nyingi ambazo zikilala hivyo hula wati mbili au tatu tu, na kwa mwezi mzima hazifiki hata uniti moja. Upo na usingizi mzito zaidi, ambao kompyuta huiandika kumbukumbu yake yote kwenye diski kisha ikajizima kabisa. Kwa laptopu, usingizi mwepesi unatosha, maana ina betri ya kuilinda stima ikikatika. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, usingizi mwepesi ni amana iliyowekwa kwenye uzi: stima ikikatika usiku, kile ambacho hakikuhifadhiwa kimepotea.

Na hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Kwetu stima hukatika, na hakuna asiyejua. Watu huogopa kukatika kwake, ilhali kurudi kwake kunaogopesha zaidi. Inaporudi, mafriji, feni na pampu za mtaa mzima huamka kwa pamoja, na umeme hupwa na kujaa kama maji ya mkondo kabla ya kutulia. Chombo kilichokuwa kimewashwa na kikangojea hupokea pigo lile la kwanza. Kilichozimwa ukutani hakina habari.

Tunalisema hili kwa kuwa lilitufika. Mashine ya kwanza tuliyoandikia darsa zetu tulikuwa haturuhusu izimwe, kwa imani ile ile ya kijana, na juu yake tuliifunika kwa kitambaa cha kutarizi isiingie vumbi, tukidhani tunaitunza. Usiku mmoja wa masika stima ilikatika, ikarudi karibu na alfajiri. Tuliamshwa na harufu. Kisanduku cha umeme kilichomo ndani yake kilikuwa kimeungua, na diski pamoja nacho, na darsa za miaka sita zikenda na nakala moja hazikuwa nayo. Baadhi yake tuliziandika upya kutoka kwenye daftari za wanafunzi wetu, na mpaka leo tunaona haya kusema kwamba mwalimu alikwenda kuomba masomo yake kwa wanafunzi.

Kitambaa kile hatukitii lawama yote, lakini nacho hakikosi. Kina mama wetu hupenda kukistiri kila kitu kizuri, na kuistiri kompyuta kwa kitambaa si vibaya ikiwa imezimwa na imekwisha kupoa. Ikiwa inawaka, kitambaa kinaziba matundu ya kupumulia. Hali kadhalika laptopu inayoachwa juu ya godoro ikichaji, na waya mmoja wa ekstensheni uliobebeshwa kompyuta, friji na pasi.

Wengi wetu tulifundishwa tangu chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha taa zizimwe wakati wa kulala, na sababu aliitaja mwenyewe: panya huenda akaivuta tambi akawaunguzia watu nyumba yao. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, akaeleza kwamba kandili za kutundikwa, ikiwa hapana khofu ya moto, yaonekana hazina ubaya. Kwa hivyo hatumwambii kijana kwamba ametenda dhambi kwa kuacha kompyuta ikiwaka. Tunamwuliza tu aitazame meza yake kama walivyoitazama wao tambi: pana nini hapa kinachoweza kushika moto watu wakiwa usingizini?

Liko dhara jengine la kukesha, nalo halihusu waya wala moto. Programu nazo huchoka. Kila inayofunguliwa hushika sehemu ya kumbukumbu, na si zote zinazorudisha zilichokishika. Siku zikipita kompyuta huwa nzito, na mwenye nayo husema imezeeka, kumbe haikupumzishwa tu. Katika Windows 95 na Windows 98 palikuwa na kosa mashuhuri: hesabu ya ndani ya mashine ilijaa baada ya siku 49 na ushei za kuwaka bila ya kuzimwa, na ikifika hapo mashine husimama.

Na makosa ya namna hii hayakuishia katika kompyuta za mezani. Ghuba, wakati wa vita vya mwaka 1991, jeshi la Marekani liliweka mitambo ya Patriot mjini Dhahran, Saudi Arabia, kuzuia makombora ya Iraq. Kompyuta ya mtambo ule ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na kwa namna kompyuta zinavyoandika namba, sehemu ya kumi haiandikiki kamili. Hupungua kiasi kidogo mno. Mashine inayozimwa na kuwashwa mara kwa mara, upungufu ule hauna maana. Ile ya Dhahran ilikuwa imewaka zaidi ya saa 100 mfululizo, na saa yake ikawa imepotoka kwa kiasi cha theluthi ya sekunde. Kwa kombora linalokwenda kwa kasi, theluthi ya sekunde ni zaidi ya nusu kilomita. Usiku wa Februari 25 mtambo ulilitafuta kombora pasipokuwa pake, nalo likaangukia kambi, wakafa wanajeshi 28. Watumiaji walikwisha kuambiwa siku chache kabla kwamba kuwaka muda mrefu sana kunaweza kuleta kosa, lakini hawakuambiwa muda mrefu ni muda gani. Programu iliyosahihishwa iliwafikia siku ya pili yake.

Turudi ukumbini kwa mama. Kompyuta ya mshoni haitamuua mtu kwa kuchelewa theluthi ya sekunde, lakini kupumzishwa inahitaji, na kupumzishwa kuna adabu yake. Kompyuta inayofanya kazi ni kama mwenye duka aliyekwisha kuuza bidhaa na bado hajaandika katika daftari: nyingi ya kazi zake ziko kichwani, zinangoja kuandikwa kwenye diski. Ukimwambia afunge duka, ataandika kwanza, kisha atafunga. Ukimzimia taa ghafla na kumtoa nje, hesabu ya siku imepotea, na pengine kurasa alizokuwa akizigeuza zimechanika. Mama alikuwa akimtoa mwenye duka nje kila usiku kwa miezi miwili. La ajabu ni kwamba alistahimili muda wote huo.

Basi izimwe kwa amri yake yenyewe, kwa kuchagua kuzima pale kwenye skrini. Ingojewe mpaka taa yake izimike na feni inyamaze. Ndipo soketi izimwe ukutani. Ikiwa inaandika kwamba inajisahihisha na kwamba isizimwe, basi isiguswe hata kama ni saa sita za usiku. Kuikatia stima wakati huo ndiko kubaya kuliko kote. Na kuna jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hulipitia: tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa huhifadhi sehemu ya mfumo wake kwenye diski ili kesho ziamke haraka, kwa hivyo kuzima peke yake hakuzianzi upya kikamilifu. Anayetaka kuisafisha kompyuta iliyokuwa nzito achague kuiwasha upya, walau mara moja kwa wiki.

Hatukatai kwamba uko usiku ambao kijana ana haja ya kweli ya kupakua. Na upakue. Lakini skrini izimwe, kitambaa kiondolewe, kazi iliyofunguliwa ihifadhiwe na kufungwa, na mama aambiwe kabla hajalala. Mwenye uwezo anunue kile kisanduku cha betri ambacho mafundi hukiita yuupiesi, kinachoipa kompyuta dakika chache za kujizima kwa heshima stima ikikatika. Asiye na uwezo wa hicho, flashi ya shilingi mia chache inamtosha kuweka nakala, nayo nakala haina badali: hata mashine inayozimwa kwa adabu kila usiku iko siku itakufa.

Alhamisi baada ya isha tulikwenda nyumbani kwa mama, tukiwa na mjomba wa kijana pamoja na fundi mmoja wa mtaa. Fundi aliitoa diski, akaiunganisha na mashine yake, akakaa kimya kwa saa nzima huku kahawa yake ikipoa. Alipoinua kichwa aliuliza kitu kimoja tu: "Nakala iko wapi?" Kijana akatazama chini, na nadhani hapo ndipo alipoanza kumsamehe mama yake. Vipimo vya wateja vilipatikana vyote. Mradi ulipatikana isipokuwa sura ya nne, ile iliyokuwa imefunguliwa usiku ule, na hiyo imetoka nusu. Nusu ya pili anaiandika upya, na amepewa na mwalimu wake wiki mbili.

Juzi tulipita tena kumjulia hali. Mama alikuwa ameketi mbele ya skrini, amekishika kipanya kwa kiganja kizima kama ashikavyo mkasi wake mkubwa, na kijana amesimama nyuma ya kiti. Mama alipokwisha kubofya alinyanyuka kwenda ukutani.

"Ngoja, mama," kijana akamwambia. "Taa bado haijazimika."

Akangoja.